Kutawadhana miguu kama Yesu alivyoagiza: maandalizi, hesabu ya maji na mahali tunapoharibu

Shemasi wa Zamu

Wakuu, Bwana asifiwe.

Robo ya mwaka inakaribia kwisha na makanisa mengi ya Waadventista yataketi kwenye Meza ya Bwana. Kama kawaida, mkate usiotiwa chachu na juisi ya zabibu vitaandaliwa kwa uangalifu wote, halafu huduma ya unyenyekevu, yaani kutawadhana miguu kabla ya meza, itaachiwa vijana wawili na mabeseni matano yaliyoazimwa asubuhi hiyo hiyo. Uzi huu ni wa upande huo unaosahaulika. Wa madhehebu mengine karibuni, mna mengi ya kutufundisha.

Naanza na andiko kwa sababu maandalizi yote yamo humo. Yohana 13:4-5 inasema Yesu aliondoka chakulani, akaweka kando mavazi yake, akatwaa kitambaa, akajifunga kiunoni, akatia maji katika bakuli, akaanza kuwatawadha wanafunzi miguu na kuwafuta. Hesabuni vitendo: ni saba, na vyote kavifanya mwenyewe. Hakuna aliyemshikia beseni wala aliyemletea taulo. Ndipo mstari wa 15: "Kwa kuwa nimewapa kielelezo, ili kama mimi nilivyowatendea, nanyi mtende vivyo."

Sasa hesabu. Chukua kanisa la washiriki 120, wanawake 70 na wanaume 50, kila kundi na chumba chake, wawili wawili wakitawadhana.

Maji: lita 1 na nusu kwa mtu mmoja zinatosha miguu yote miwili. Maji hubadilishwa kwa kila mtu, si kwa kila jozi. Jumla lita 180, yaani ndoo 9 za lita 20. Ongeza ndoo moja ya akiba.

Maji machafu: lita zile zile 180 lazima ziende mahali. Hapa ndipo wengi hukwama. Wameandaa ndoo za maji safi, hawana hata moja ya kumwagia, mtu anatembea na beseni limejaa katikati ya watu, sakafu inalowa, bibi anateleza. Weka ndoo tupu moja kila baada ya mabeseni matatu, na kijana mmoja asiyefanya kazi nyingine ila kuzibeba nje na kumwaga kwenye mti au kwenye mfereji. Dekio liwe mlangoni.

Mabeseni: jozi moja hutumia kama dakika 8, pamoja na kubadili maji na kuomba. Wanawake 70 ni jozi 35; kwa mabeseni 12 watakwenda zamu tatu, dakika 24. Wanaume jozi 25. Mabeseni 9, zamu tatu vile vile. Jumla mabeseni 21. Mkiwa na 10 tu mtakaa karibu saa nzima, na watoto wataanza kulia kabla hamjarudi mezani.

Taulo: moja kwa kila mtu, ile ndogo ya uso. Hapa hakuna mjadala.

Mama Beseni

Asante kaka shemasi, ila umesahau viti. Kila beseni na kiti chake, na kiti kiwe kifupi. Ukimweka mama mwenye mwili kwenye kiti kirefu cha plastiki, anayemtawadha itabidi aunyanyue mguu wa mwenzie hadi kifuani na maji yote yanaingia kwenye mikono ya gauni. Kiti kifupi, mguu unaingia wenyewe kwenye beseni.

La pili, mahali pa kupigia magoti. Sakafu ya saruji kwa dakika nne si mchezo kwa mama wa miaka 60. Kata magunia safi au mkeka wa zamani vipande vya mraba, kimoja kwa kila beseni. Asiyeweza kupiga magoti kabisa, mpe kigoda. Kielelezo hakisemi lazima magoti yaume.

La tatu, na hili wanaume hamlijui: tangazeni Sabato moja kabla kwamba akina mama wasije na soksi za nailoni zilizopanda hadi kiunoni. Mkifika chumbani ndipo mnagundua, mama anaona haya, anajisingizia mafua na kukaa pembeni. Tangazo la sentensi moja linaokoa watu wengi.

Mkulima wa Uyole

Suala la joto la maji mmeliruka. Huku kwetu mwezi wa sita maji ya bomba asubuhi ni kama ya friji. Mtu ukimtia mguu humo haombi, anatetemeka.

Shemasi wa Zamu

Kweli mkuu. Lengo ni maji vuguvugu, kama nyuzi 37 au 38, joto la mwili. Dar es Salaam au Mombasa maji ya tangi hayahitaji kuchemshwa. Sehemu zenye maji ya nyuzi 22 hivi, changanya sehemu 1 ya maji yanayochemka na sehemu 4 za baridi. Kwenu Uyole au Limuru, maji yakiwa nyuzi 15, ni sehemu 1 kwa sehemu 3. Kwa lita 180 unahitaji lita 36 za moto sehemu za wastani, na 45 sehemu za baridi. Masufuria makubwa mawili au matatu, yawashiwe moto wakati wa Shule ya Sabato, siyo wakati wa mahubiri.

Siku zote tangulia kutia maji baridi kwenye beseni ndipo uongeze ya moto. Ukianza na ya moto, yupo mtu atakayetumbukiza mguu kabla hujamaliza.

Nesi wa Zahanati

Hapo kwenye joto naomba niingilie, maana ndipo mtu anaweza kuumia kweli.

Mwenye kisukari cha muda mrefu mara nyingi amepoteza hisia za miguu. Ukimuuliza "maji yako sawa?" atajibu sawa, huku ngozi inaungua. Basi asiulizwe yeye. Anayetawadha apime kwa kiwiko chake au kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Vidole vya mama aliyezoea kushika sufuria ya moto havipimi kitu.

Kwa mtu huyo usisugue, usiloweke. Mwagia maji, pitisha mkono taratibu, kisha kausha, na ukaushe hasa katikati ya vidole. Unyevu unaobaki pale ndio unaozaa fangasi, fangasi inapasua ngozi, na kwa mwenye kisukari mpasuko mdogo huweza kuwa kidonda cha miezi. Usimpake mafuta katikati ya vidole.

Mwenye kidonda kibichi au bandeji: usifungue. Tawadha mguu mzima ule mwingine, au mikono. Si dhambi. Na kwa wale wanaonong'ona kuhusu virusi vya UKIMWI, maji na taulo haviambukizi, acheni kuwakwepa watu. Fangasi ndiyo inayohama kwa taulo, kwa hiyo sheria ya taulo moja mtu mmoja ibaki.

Baada ya ibada taulo zifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani hadi zikauke kabisa kabla ya kukunjwa. Mabeseni yaoshwe, kisha yafutwe kwa maji ya jiki: kama ni ile ya asilimia 3.5, sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 6 za maji hupata asilimia 0.5. Acha dakika 10, suuza. Taulo nyeupe zinavumilia jiki, za rangi zitatoka madoadoa.

Mlokole Asiyejificha

Jamani, mnajadili nyuzi joto na jiki, lakini swali la msingi hamjaligusa. Kule Palestina watu walivaa viatu vya wazi, njia zilikuwa vumbi, ndiyo maana miguu ilioshwa. Yesu alifundisha utumishi. Leo mtu anakuja kanisani ameoga, amevaa soksi safi, mnamwosha nini? Kielelezo ni moyo wa kutumika. Matendo yabadilike kufuatana na mazingira.

Kiyunani Kidogo

Ndugu Mlokole, hoja yako ina nusu ya ukweli, tuitenganishe.

Desturi ya kawaida haikuwa mwenyeji kumwosha mgeni. Mwenyeji alileta maji, mgeni akajinawisha. Soma Mwanzo 18:4, Ibrahimu anasema yaletwe maji mkanawe miguu yenu. Luka 7:44 Yesu anamlaumu Simoni kwa kutompa maji, hamlaumu kwa kutomwosha. Kumwosha mtu mwingine kulikuwa kazi ya mtu wa chini kabisa nyumbani. Ndiyo sababu Abigaili katika 1 Samweli 25:41 anapotaka kujishusha hadi mwisho anasema yu tayari kuwaosha miguu watumishi wa Daudi. Watumishi, si Daudi mwenyewe.

Kwa hiyo pale chumbani Yesu hakufuata desturi, aliipindua. Tena wakati si wake: miguu huoshwa ukifika, naye aliinuka katikati ya chakula. Kama shida ingekuwa vumbi, lingeondolewa mlangoni. Na Petro alivyokataa, angekuwa anakataa usafi tu, asingejibiwa "huna shirika nami".

Kwa hiyo "watu wameoga siku hizi" haliwi jibu. Na wao walikuwa wameoga. Mstari wa 10 unasema hivyo hivyo.

Nusu yako ya kweli ni hii: neno la Kiyunani lililotafsiriwa kielelezo, *hupodeigma*, ni mfano wa kuigwa, sampuli. Fundi akikupa sampuli ya kiti hataki ukae ukiitazama, wala hataki utengeneze kiti kimoja tu maisha yako yote. Andiko linabeba yote mawili, kitendo chenyewe na maisha yanayofanana nacho.

Mlokole Asiyejificha

Sawa, hilo la katikati ya chakula sikuwahi kuliona. Lakini Matendo ya Mitume hakuna mahali walipofanya ibada ya namna hiyo.

Mwana wa Shirati

Ipo 1 Timotheo 5:10, mjane anayeandikwa kwenye orodha awe amewaosha watakatifu miguu. Wengine husema hapo ni ukarimu wa nyumbani tu, na huenda ni kweli. Ila sisi Wamennonite jambo hili tumelishika zamani sana. Ungamo la imani la Dordrecht la mwaka 1632 kule Uholanzi lina ibara nzima, ya 11, kuhusu kutawadha miguu. Wamisionari walipofika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934 walikuja nalo.

Desturi yetu ina kitu kimoja ambacho Waadventista mnaweza kukiiga: mkishamaliza, mnasimama, mnashikana mikono au kukumbatiana, na kila mmoja anamtakia mwenzake heri ya Mungu kwa sauti. Inachukua nusu dakika. Bila hiyo mtu anafutwa mguu, anavaa kiatu, anaondoka kama aliyetoka kwa mpiga viatu rangi.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo.

Kwetu Wakatoliki ni Alhamisi Kuu, Misa ya jioni ya Karamu ya Bwana, mara baada ya mahubiri. Zamani kitendo hiki kilifanyika nje ya Misa. Papa Pius XII katika marekebisho ya mwaka 1955 akakiingiza ndani, ili waamini wa parokia wakione. Kitabu cha Misa kilikuwa kikisema wanaume. Januari 2016 Papa Fransisko alibadili maneno hayo yakawa watu waliochaguliwa kutoka katika taifa la Mungu, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, wazima kwa wagonjwa. Yeye mwenyewe mwaka 2013 alikuwa ameshakwenda kwenye gereza la vijana la Casal del Marmo huko Roma, na kati ya 12 aliowaosha walikuwamo wasichana na Waislamu.

Kiutendaji: padre anavua kasula (vazi la juu la Misa), anajifunga taulo, mtumikiaji mmoja anashika jagi na mwingine beseni. Parokia nyingi huosha mguu wa kulia tu. Makosa ninayoyaona ni mawili. La kwanza, wanaochaguliwa ni wale wale: mwenyekiti wa parokia, mhasibu, mwenyekiti wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), wafadhili wa paa jipya. Inageuka tuzo. Mkitaka kufuata maelekezo, kila Jumuiya Ndogo Ndogo (kikundi cha waamini majirani) ilete jina moja, na angalau wawili wawe watu ambao hawajawahi kuitwa mbele kwa lolote. La pili, wateule huambiwa waje wamejiandaa, wanakuja miguu imepigwa sabuni, imepakwa mafuta, kucha zimepakwa rangi. Padre anaosha miguu iliyokwisha kuoshwa mara mbili.

Kitendo hiki tukikiacha kigeuke fahari, kinafika mbali. Uingereza mfalme bado hushiriki ibada ya Alhamisi Kuu, lakini leo haoshi mguu wa mtu. Hugawa sarafu maalumu kwa wazee, idadi ya wanaume na idadi ya wanawake kila moja ikilingana na miaka ya umri wake. Beseni likawa mfuko wa fedha.

Shemasi wa Zamu

Milele na milele, amina. Hilo la tuzo kwetu lipo kwa sura nyingine: watu huchagua marafiki. Milango ikifunguliwa tu, jozi zimeshaundwa kwa macho tangu wimbo wa mwisho. Wanaobaki wamesimama ukutani ni mgeni, mzee mwenye miguu mibaya, na yule aliyerudishwa ushirikani mwezi uliopita.

Dawa si kuwapangia watu jozi kwa nguvu. Weka wazee wa kanisa wawili katika kila chumba ambao kazi yao ni kutafuta waliobaki ukutani. Wao hawachagui mwenzi hadi dakika ya mwisho. Wakibaki watu watatu, haina haja ya mmoja kurudia: wa kwanza amtawadhe wa pili, wa pili wa tatu, wa tatu wa kwanza.

Wanandoa wanaotaka kutawadhana wapewe sehemu yao pale ambapo jamii haioni tatizo. Wengine hawatataka, na wasilazimishwe.

Mama Beseni

Na simu! Jamani, simu. Mtu kapiga magoti anaomba, mwingine anapiga picha ya kuweka kwenye kundi la kanisa. Zikae ukumbini.

Kijana wa Kwaya

Shikamooni wazee wangu. Naomba kuuliza. Inafundishwa kwamba kabla ya kutawadhana mpatane. Kwa vitendo inafanyikaje? Maana mara nyingi mtu anamfuata mwenzake pale pale kwenye beseni, anamwambia "kama nilikukosea unisamehe", imekwisha, na wiki inayofuata ugomvi ni ule ule.

Mzee wa Usuluhishi

Marahaba kijana. Umetaja kosa kubwa kuliko yote ya maji na taulo.

Mathayo 5:23-24 inasema uache sadaka mbele ya madhabahu, *uende*, upatane, ndipo urudi. Kuna safari hapo. Ndiyo maana huduma hutangazwa mapema. Ile wiki katikati ndiyo ya kwenda. Pale kwenye beseni umechelewa: kuna watu, kuna foleni, mwenzako hana nafasi ya kusema lililomuuma. Anakubali ili mambo yaishe.

Nenda nyumbani kwake au mahali mtakapokuwa wawili tu, kama Mathayo 18:15 inavyotaka, wewe na yeye peke yenu. Usitume mtu, usitume ujumbe wa simu. Utakachosema kiwe na vitu vitatu. Taja tendo kwa jina lake: "nilisema kwenye kikao kwamba ulikula michango ya harusi, na sikuwa na ushahidi". Hilo neno "kama" lifute kabisa. "Kama nilikukosea" maana yake hujakiri kitu, unamwachia yeye mzigo wa kuthibitisha. Kisha sema madhara unayoyajua: "watu wawili wameacha kukuamini kwa sababu yangu". Mwisho sema utafanya nini: "nitalifuta neno hilo kwenye kikao kile kile, Jumapili hii". Ulipochafulia jina la mtu ndipo pa kulisafishia. Kumwomba radhi sirini kwa kosa la hadharani ni nusu ya kazi.

Halafu nyamaza. Mwache aongee hata kama atakaripia. Usijitetee.

Likiwa deni, miguu haifuti deni. Zakayo hakusema amejuta tu. Katika Luka 19:8 alitaja kiasi, nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliyemdhulumu. Nawe taja kiasi na tarehe. Kama ni laki tatu na huna, sema elfu hamsini kila mwisho wa mwezi kwa miezi sita, muandikishane, ndipo mkatawadhane.

Nesi wa Zahanati

Mzee, naomba tuongeze tahadhari moja, na naisema kwa uzito. Mwanamke anayepigwa nyumbani asisukumwe kwenda kumtawadha mumewe mbele ya kanisa ili "ndoa ipone". Wala binti asikalishwe mbele ya aliyemdhuru. Yapo makanisa yanafanya hivyo kwa nia njema, na matokeo yake mwenye kosa anatoka amesafishwa mbele ya watu, na aliyeumizwa akilalamika baadaye anaambiwa si mlishatawadhana?

Mzee wa Usuluhishi

Nakubaliana nawe asilimia mia. Aliyepiga magoti pale chumbani alikuwa mwenye mamlaka, "niliye Bwana na Mwalimu". Kielelezo kinamwelekea mwenye nguvu kwanza. Kesi ya kupigwa ina njia yake: usalama wa aliyeumizwa, dawati la jinsia polisi, hospitali. Beseni lisitumike kuifunika.

Mlokole Asiyejificha

Na Yuda je? Alitawadhwa au la? Hapa kanisani kwetu kuna mabishano.

Kiyunani Kidogo

Alitawadhwa. Fuata mfuatano wa sura yenyewe: miguu inaoshwa mstari wa 5 hadi 12, Yesu anarudi kuketi, tonge anapewa Yuda mstari wa 26, naye anatoka nje mstari wa 30, "nako kulikuwa ni usiku". Na mstari wa 11 unasema Yesu alimjua atakayemsaliti. Alijua, akaosha.

Nyongeza ndogo ya lugha, kwa wapenda maneno. Tafsiri ya zamani ya Kiswahili imetumia *kutawadha*, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo mtu wa Pwani kwanza atalielewa kuwa kutia udhu kabla ya swala. Biblia ya Habari Njema imeweka *kuosha*. Ukihubiri Tanga au Lamu, fafanua, maana Mwislamu aliye jirani atadhani mnazungumzia kujisafisha mwenyewe, na hapa tofauti ni kwamba hujioshi; unaoshwa.

Mkulima wa Uyole

Haya, Sabato imepita, tumetawadhana. Jumatatu mtu anafuata vipi kielelezo hicho hicho? Maana Mlokole alikuwa na hoja hapo.

Nesi wa Zahanati

Nakupa jibu la mikono. Kila mtaa una mgonjwa asiyeinuka kitandani: kiharusi, mguu uliovunjika, uzee. Watu wa kanisa humtembelea, huimba nyimbo mbili, huomba, hunywa chai ya watu, huondoka. Miguu ya yule mgonjwa haijaoshwa siku nne, kwa sababu mkwe wake ameelemewa. Nendeni wawili, mchukue dakika 20, mfanye hivi.

Omba ruhusa kwanza, kwa mgonjwa mwenyewe, si kwa mwanawe. Nawa mikono. Tandika nailoni kitandani chini ya miguu, juu yake taulo. Kunja goti lake taratibu, mmoja ashikilie kisigino na shavu la mguu, mwingine asogeze beseni chini ya unyayo. Usimwachie mgonjwa wa kiharusi ashikilie mguu wake mwenyewe, utaanguka na beseni litapinduka. Osha kuanzia vidole kwenda juu, sabuni kidogo, suuza kwa maji mengine safi, kausha.

Sasa angalia visigino. Penye wekundu au weusi usio wa kawaida, bonyeza kwa kidole kisha achia. Ngozi isipobadilika rangi ulipobonyeza, hicho ni kidonda cha kulalia kinaanza. Kwa ngozi nyeusi sana gusa pia: pakiwa pamoto, pagumu au palaini kuliko jirani yake, ni dalili hiyo hiyo. Usipakande. Weka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie, kisiguse godoro, na waelekeze wa nyumbani wamgeuze ubavu kila saa mbili. Ngozi ikiwa imeshachubuka, wampeleke zahanati au waite mhudumu wa afya wa jamii.

Kata kucha kwa mstari ulionyooka, usizungushie pembeni. Mwenye kisukari usimkate, mwachie mtaalamu. Beba maji yako machafu ukamwage mwenyewe.

Katekista Mstaafu

Na msiende siku moja mkapotea. Jumuiya ikipanga jozi nne, kila jozi Jumatano moja ya mwezi, mgonjwa anaoshwa kila wiki na hakuna anayechoka. Jumuiya inayokwenda yote watu 15 kwa siku moja humchosha mgonjwa, halafu haionekani hadi msibani.

Mlokole Asiyejificha

Hapo mmenishika. Sisi hatuna huduma ya beseni kanisani, lakini ratiba ya jozi nne tunaweza kuanza nayo.

Kijana wa Kwaya

Swali la mwisho wazee. Mashemasi wanaobeba ndoo na kujaza maji, wao hutawadhwa saa ngapi? Maana wakimaliza, watu wameshaanza wimbo wa kurudi.

Mama Beseni

Ooh, mwanangu, umeuliza wewe peke yako! Mara nyingi hawatawadhwi kabisa. Wanakwenda mezani miguu mikavu, au wanaambiwa "ninyi mmeshatumika".

Weka mabeseni mawili pembeni, moja kila chumba, na ndoo moja ya maji ya moto iliyofunikwa isiguswe na mtu. Ile ndoo ya akiba aliyoitaja shemasi ndiyo hiyo. Zamu ya tatu ikianza, wale wazee wa chumba wanawaita mashemasi wawili wawili. Na mchungaji asianzishe wimbo mpaka shemasi wa mwisho amevaa viatu. Apewe ishara kutoka mlangoni.

Shemasi wa Zamu

Nimeliandika. Nilikuwa nimeweka mabeseni 21, sasa ni 23.